Fungu la Laini

Jumanne, 8 Aprili

Daftari hili nimelinunua kwa amri. Leo katika mkutano wa kikundi chetu cha wafanyabiashara wa Majoreni, mwenyekiti wetu Iddi alitutangazia kwamba serikali inaleta unafuu wa stima kwa biashara za mashambani. Anayeutaka aandike kila siku, kwa miezi miwili, ametumia yuniti ngapi na kwa kazi gani. Mimi ni seremala, nina mashine ya randa na msumeno wa umeme, na miaka hii miwili stima inakula faida yangu kabla sijaiona. Kwa hiyo nitaandika. Mke wangu Warda amecheka, amesema nikianza kusema jambo sijui kunyamaza, sembuse nikipewa kalamu.

Masharti ni matatu na Iddi aliyasoma mara mbili, kana kwamba sisi ni watoto wa chuoni: mita moja, biashara moja, jina moja. Mita yangu ina jina langu, Jaafar Hamisi. Biashara ni yangu. Ila nyuma ya karakana kuna ule waya.

Yuniti tisa. Milango miwili.

Jumatano, 9 Aprili

Nieleze habari ya waya, maana atakayelisoma hili huenda si mtu wa huku.

Kadzo ni jirani yangu, mjane wa rafiki yangu Chirau. Kwao ni Samburu, kule barabara ya malori, na tangu aolewe hapa hajawahi kusifia samaki hata siku moja. Nguzo za stima zilipokuja ziliishia kwangu. Nguzo moja zaidi ifike kwake alitajiwa bei ya ng'ombe wawili, akasema hao ng'ombe kama angekuwa nao asingekuwa na haja ya stima. Miaka minne iliyopita nilimtengenezea sanduku la kutotolesha mayai, mbao za mwembe, trei nne, taa nne za kuleta joto, kisha nikampitishia waya wa stima kutoka kwangu juu ya paa, laini kama tunavyoiita.

Wanawake humletea mayai ya kuku wao, kila mmoja na alama yake ya penseli. Siku ya ishirini na moja huja kuchukua vifaranga. Kadzo hubaki na kimoja katika kila kumi, na katika hivyo vyake hunipa mimi viwili kwa kila sanduku. Hivyo viwili tunaviita fungu la laini. Hatukuandikiana popote. Mtaani kwetu hakuna nyumba ambayo haijatoa laini au kupewa laini, na hakuna aliyewahi kuiita biashara ya pili.

Yuniti saba.

Jumamosi, 12 Aprili

Yuniti nane. Mvua kidogo.

Jumatatu, 14 Aprili

Yuniti kumi na moja. Kitanda cha bwana harusi wa Vanga. Anataka maua kwenye ubao wa kichwani, na maua hayo hataki kuyalipia.

Alhamisi, 17 Aprili

Iddi alipita karakana, akanywa chai yangu, kisha akainua macho juu ya paa.

"Jaafar, ule waya?"

"Wa Kadzo. Taa nne tu."

"Taa nne ni biashara ya pili. Sisi tumeandikwa kwa pamoja, watu kumi na tisa. Mmoja akikutwa na laini ya pembeni, kikundi kizima kinafutwa."

"Basi mwandikeni na Kadzo, tuwe ishirini."

"Mita yake iko wapi?"

"Unajua kwamba hana."

"Asiye na mita hana biashara, kwa hesabu yao."

Nilimuuliza ni nani aliyepanga unafuu ambao maskini zaidi ndiye asiyeweza hata kuuomba. Akasema yeye si mbunge, yeye ni muuza saruji. Ni kweli, na saruji yake ina mchanga, lakini hilo sikumwambia.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo Kadzo amejaza sanduku: mayai mia mbili na arobaini, ya wanawake tisa. Bi Subira, mzee wa miaka sabini, alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, mayai arobaini kichwani ndani ya kapu la pumba za mpunga, na halikuvunjika hata moja. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Itunzeni vizuri stima yenu. Haya ni ada ya mjukuu wangu, chuo cha ufundi."

Nikamwambia awe na amani. Nimeyaandika maneno hayo kwa sababu niliyasema kwa kinywa changu.

Yuniti saba.

Jumanne, 29 Aprili

Stima ilipotea tangu adhuhuri hadi alasiri. Kadzo alilifunika sanduku kwa mablanketi, akaja kukaa karakana kuingoja. Akasema mayai ya siku tatu ni kama mtu wa mapenzi mapya, huvumilia. Yuniti nne.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa. Mbao zimevimba, randa inalia. Jioni Kadzo aliniita: "Njoo uone, Fundi." Alizima taa, akaweka yai juu ya tochi. Ndani palikuwa na mishipa myembamba myekundu, na katikati kitu kidogo chenye kupiga. Nimemjengea sanduku mwenyewe na sikuwa nimewahi kutazama ndani ya yai. Kati ya yote, kumi na mawili tu yalikuwa matupu. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nami sijui kufurahi ovyo.

Jumatano, 7 Mei

Iddi: mkaguzi atakuja Jumatatu asubuhi, anaitwa Elijah, ametumwa kutoka Nairobi. Yuniti tano, kwa sababu ya mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Yuniti tano.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda kwa Kadzo. Alikuwa akigeuza mayai, trei baada ya trei, kama anavyofanya mara tatu kwa siku. Nikamweleza habari ya mkaguzi, masharti, watu kumi na tisa. Hakunikatiza.

"Kwa muda gani, Fundi?"

"Asubuhi tu. Akishaondoka naurudisha."

"Kesho ni siku ya kumi na sita. Kwa saa tatu au nne nitaweza, kwa mablanketi na chupa za maji ya moto. Zaidi ya hapo siwezi."

"Saa tatu nne."

"Nami nakuamini," akasema, akaendelea kugeuza mayai.

Sikupenda alivyolisema. Nilidhani ananitega. Sasa naona hakuwa ananitega.

Jumatatu, 12 Mei

Saa mbili asubuhi nilipanda paani, nikaufungua waya, nikaukunja na kuuficha chini ya maranda. Nikafagia karakana. Nikavaa shati la Ijumaa.

Hadi saa sita hakuna mtu. Iddi akapiga simu, akaambiwa gari limekwama kwenye tope kabla ya kufika njia panda ya kwetu, anakuja wakati wowote. Saa nane, anakuja wakati wowote. Saa kumi, amerudi kulala Lunga Lunga, kesho mapema.

Kadzo alikuja mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza. Mara ya pili alisimama tu mlangoni na chupa mbili tupu za soda mkononi, akaomba maji ya moto ya jikoni kwetu kwa sababu kuni zake zimelowa. Warda alimjazia.

Ningeweza kuurudisha waya jioni na kuuondoa alfajiri. Nilijiambia mabati yamelowa na stima haina mchezo. Mabati yalikuwa yamelowa kweli. Lakini nimekwisha panda paa lile siku za mvua kubwa kuliko hii, kwa ajili ya laini ya televisheni, nitazame mpira.

Yuniti: sifuri.

Jumanne, 13 Mei

Asubuhi wanawake walianza kuja na vikapu. Kadzo amewaambia ukweli: sanduku limepoa, kila mwenye kuku anayeatamia alete habari. Mtaa mzima, kwa mvua hii, walipatikana kuku wanne. Kila mmoja akawekewa mayai kumi na mawili, wakichukua ya kila mwanamke kwa haki, kila alama ipate kidogo. Niliwaona wakipita mbele ya karakana na mayai yamefungwa kwenye leso, vifuani, chini ya buibui, wakitembea polepole kwenye tope. Walinisalimu wote. Kusalimiwa huko kulinichoma kuliko matusi.

Mayai mia moja na themanini yalibaki sandukuni hayana kuku.

Adhuhuri nilikaa kula. Warda akasema, bila kuniangalia, "Ishirini kati ya hayo ni yangu. Yale ya herufi W."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungewacha laini kwa sababu ni ya mkeo, na wale wanane wengine?"

Miaka ishirini na sita namjua mwanamke huyu, na nilidhani amenyamaza kwa kuwa anakubaliana nami.

Baada ya alasiri nilichukua ngazi. Nilikuwa kwenye kipago cha tatu, waya begani, Iddi alipofika na wenzake watatu wa kikundi: kinyozi, mwenye duka la vipuri, na fundi wa kuchomelea. Watu wa kwetu, wawili nimesali nao leo.

"Jaafar, ameshapita njia panda," Iddi akasema.

"Ulisema hivyo jana."

"Leo ni kweli. Akikukuta juu ya paa na waya, umetufuta sote."

Fundi wa kuchomelea alishika ngazi kwa mikono miwili. Ana watoto saba na mashine yake hula stima kuliko yangu. Niliwatazama kutoka juu, wamelowa, na wote wanne walikuwa na hofu. Nilikuwa nimewaona wabaya tangu asubuhi. Wamebanwa kama nilivyobanwa, na kila aliyebanwa anatafuta wa kumkanyaga apate kupumua. Mimi wangu alikuwa Kadzo.

Nikashuka.

Mkaguzi hakuja.

Jumatano, 14 Mei

Elijah amefika saa nne na dakika ishirini, kwa pikipiki, tope hadi magotini. Ni kijana tu, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mzee, habari? Pole sana, hiyo barabara ni noma. Mita iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaipiga picha. Akanisimamisha kando ya randa, akanipiga picha. Akauliza jina, akaandika kwenye simu.

"Uko sawa, mzee. Umepita. Endelea na kitabu yako, nitaichukua tarehe tisa mwezi ujao."

"Hutazami nyuma?"

"Nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi. Niko na watu saba wa kuona kabla lunch."

Dakika kumi na moja. Hakuinua macho paani hata mara moja. Niliitazama saa ya ukutani alipoingia na alipotoka, sijui kwa nini, na sasa dakika hizo hazinitoki kichwani.

Kabla mlio wa pikipiki haujapotea nilikuwa juu. Saa tano taa nne ziliwaka. Kadzo alikuwa amekaa kando ya sanduku, mkono juu ya mfuniko. Nilisema nisamehe, nilisema mvua, nilisema Iddi.

"Washa tu, Fundi," akasema.

Ilikuwa imeshawaka. Hakuwa ameangalia.

Alhamisi, 15 Mei

Yuniti sita.

Ijumaa, 16 Mei

Yuniti tatu. Sikwenda kula kwa shemeji, ndugu yake Warda, kama kawaida ya Ijumaa.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya ishirini na moja. Siku kama hii sauti za vifaranga husikika hadi karakana, na mimi hulalamika kwamba vinanipigia kelele. Leo nilizima randa nikasikiliza. Mvua tu.

Chini ya kuku wanne vimetoka ishirini na sita. Katika sanduku, vitano. Bi Subira alikuja na kapu lake, akapewa vitano katika mayai arobaini. Alivihesabu kwa kidole, akavifunika, akaniuliza mimi, si Kadzo, "Stima ilikuwa na nini, mwanangu?"

Nikasema ilikatika.

Jumapili, 18 Mei

Kadzo na wanawake wawili waliyatoa mayai yaliyobaki, wakayazika nyuma ya choo. Nilijitolea kuchimba shimo. Nilichimba kubwa kuliko lililohitajika. Yalipokuwa yakimiminwa, mengine yalipasuka, na ndani yalikuwa vifaranga kamili, na manyoya yao. Niliona herufi W mara kadhaa.

Jumatatu, 19 Mei

Alfajiri, Kadzo alikuja na kikapu kimefunikwa kwa kitambaa. Ndani vifaranga viwili, kimoja cheusi, kimoja cha madoa.

"Fungu la laini," akasema.

Vilivyotoka ni thelathini na kimoja. Haki yake ni vitatu. Akinipa viwili anabaki na kimoja.

"Kadzo, safari hii acha."

"Tulipatana viwili kwa kila sanduku. Hatukupatana vingapi vitoke."

"Basi nakusamehe."

Hapo ndipo aliponitazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. "Wewe ndiwe wa kunisamehe mimi?"

Aliweka kikapu juu ya meza ya randa, akaondoka. Nimeona aibu siku nyingi maishani. Aibu hii sijui niiweke wapi.

Yuniti: sikutazama.

Jumamosi, 24 Mei

Yuniti nane. Vifaranga vinalala jikoni. Vinasikia baridi.

Jumanne, 27 Mei

Kadzo amehama. Anakwenda kwao Samburu, ndugu yake Ziro ana kibanda cha chai cha madereva wa malori. Nilimkuta akifunga godoro. Waya alikwisha kuushusha mwenyewe, ameukunja vizuri, duara kwa duara, bora kuliko nilivyoukunja mimi.

"Laini yako hii. Sanduku nimekuachia, mbao ni zako."

"Kazi ilikuwa yako. Baki, nitaurudisha waya, hakaguliwi tena mtu."

"Hivi hujaelewa? Hakuna atakayeleta mayai tena. Mimi ndiye niliyewaambia walale bila wasiwasi, Fundi yupo."

Alimpa Bi Subira kile kifaranga chake kimoja. Nyumba ameifunga kwa kufuli la Chirau, kwenye komeo nililoligonga misumari mimi siku ya harusi yao.

Ijumaa, 30 Mei

Nimelileta sanduku karakana. Nimechukua taa moja ndani yake, nimewafungia vifaranga wawili kwenye kona ya maranda. Wamelala chini yake mara moja. Yuniti saba, pamoja na ya taa.

Jumatano, 4 Juni

Unafuu wa kwanza umeingia pamoja na tokeni za stima nilizonunua. Nimepiga hesabu: unatosha kuranda mlango mmoja na nusu ya wa pili.

Nimekwenda ofisi ya chifu kuona orodha ya waliopata unafuu, imebandikwa ukutani. Kadri mtu anavyotumia stima nyingi ndivyo anavyopunguziwa zaidi. Jina la juu kabisa si la mtu wa Majoreni. Ni shamba kubwa la kuku lililo kando ya lami, njia ya Ukunda, lenye mashine za kutotolesha za chuma na jenereta yake, na mwenye shamba anakaa Diani. Unafuu wake wa mwezi mmoja unapita wetu sote kumi na tisa. Limeandikwa biashara ya mashambani, na shamba ni shamba kweli, hakuna uongo. Iddi alikuwa kando yangu, akisoma kwa kidole. Alipomaliza akasema saruji imepanda tena.

Ijumaa, 6 Juni

Pikipiki ya shamba lile imepita ikiuza vifaranga katika maboksi yenye matundu. Bei rahisi, na sababu yake sasa naijua. Wanawake walijipanga. Warda alinunua sita. Bi Subira alisimama pembeni, akatazama, akarudi ng'ambo.

Jumapili, 8 Juni

Kesho Elijah anachukua madaftari. Iddi amelisoma langu leo karakana, ukurasa hadi ukurasa, midomo ikitembea. Alipomaliza alinipa daftari jipya.

"Nakili tarehe na yuniti tu. Usiku mmoja unatosha."

"Na haya mengine?"

"Choma. Ukimpa hili, wewe utakatiwa stima kwa kutoa laini, na sisi tutafutwa. Na yule mama ameshakwenda. Utamrudishia nini?"

Ni swali la haki, na jibu ni kwamba simrudishii kitu. Nimemuuliza Warda. Amesema, "Mimi nilinyamaza mara moja, siwezi kukufundisha." Kisha akaenda kuwapa vifaranga maji.

Nimejaribu kunakili. Nimefika 12 Mei, sifuri. Katika daftari safi, sifuri ile inasomeka kama siku ambayo sikufanya kazi. Siwezi kuiandika hivyo. Ndiyo siku niliyofanya kazi kubwa kuliko zote za masika haya.

Kwa hiyo, Elijah, unasoma hili lenyewe. Wewe sina ubaya nawe, ulikuja umelowa na una watu saba. Wenzangu kumi na wanane mita zao ni safi, mwenye waya nilikuwa mimi, na nakuomba unifute mimi peke yangu, ingawa najua huenda fomu yako haina nafasi ya ombi hilo. Ukifika kesho utaona taa moja inawaka kwenye kona ya maranda. Utaniuliza ni ya nini. Ni ya kuku wawili ambao si wangu, nimepewa kwa laini ambayo niliikata.

Yuniti moja. Mashine zote nimezizima.